Udongo wa Kuzibia Paa

Mmeniuliza nyote, wengine kwa upole na wengine kwa kufoka, nilikuwa wapi wiki ile mlipokuta cherehani yangu imefunikwa na mlango una kufuli. Nilijibu kwamba nilikwenda kutafuta udongo. Mama mmoja wa kwaya akanishika bega akanipa pole, akidhani nimefiwa. Hapana, hakuna aliyekufa. Ila walikuwepo waliokaribia kufa, na mimi ndiye niliyewaponza. Sasa nakaa niwaeleze mara moja, nisije nikarudia kwa kila anayekuja kupimwa sketi.

Kikuyu

Mnaoingia sebuleni kwangu hapa Kikuyu, Dodoma, mnayajua matangi ya vioo yaliyo ukutani, pale ambapo wenzangu wanaweka televisheni. Mnajua pia kwamba nafuga viluwiluwi vya mbu kwenye beseni nyuma ya nyumba, maana mmenisema sana kwa hilo. Viluwiluwi ni chakula. Havifiki kuwa mbu, vinaliwa kabla. Nimesema hivyo miaka yote na hakuna aliyenisadiki.

Wanaovila ni samaki wa msimu. Ni wadogo, dume hapiti kidole changu cha kati, lakini ana mwili wa buluu na mkia mwekundu kama kaa la moto. Jike ni wa kijivu, hana pambo lolote. Makao yao ni madimbwi ya mvua, yale ambayo ng'ombe hunywa Februari na kufikia Julai watoto wanachezea mpira. Dimbwi likikauka wanakufa wote. Lakini mayai yao yanabaki ndani ya tope, yanalala kiangazi kizima, na mvua ikirudi yanaanguliwa. Si yote kwa pamoja. Mengine yanasubiri mvua ya mwaka unaofuata, machache hata ya mwaka wa tatu, kana kwamba kuna aliyeyaambia kwamba Dodoma si mahali pa kuamini wingu la kwanza.

Wangu walitoka dimbwi moja tu, la Haneti. Niliwachota kwa chandarua miaka tisa iliyopita nilipokwenda kupima sare za shule, na tangu hapo nimewazalisha kizazi baada ya kizazi. Wanataga ndani ya vumbi la makumbi ya nazi, nalikamua, nalifunga kwenye mfuko, naandika tarehe, nauweka kabatini miezi kadhaa. Siku ikifika namwaga maji. Nimewahi kukaa mbele ya beseni kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, nimesahau chai, nikitazama macho mawili mawili yakitokea ndani ya maji ya rangi ya majani ya chai. Sina maneno ya kueleza raha hiyo. Ni kama kuota ukiwa macho.

Mwaka huu niliandika tarehe kwa chaki ya nguo. Ndiyo, chaki ya fundi, ile ninayochorea pindo. Kalamu ilikuwa mbali, chaki ilikuwa mkononi. Chaki ya nguo imetengenezwa ili ifutike, na ikafutika. Nilikuta mifuko sita isiyo na neno lolote, nikakisia, nikaimwagia maji yote. Ilikuwa bado sana. Hakuna kilichoanguliwa, na yai likishalowa kabla ya wakati wake linaoza. Majike yangu yalikuwa yameshakufa kwa uzee. Yalibaki madume manne, mazuri kupita kiasi, yakizunguka kwenye kioo bila mwenza, na yenyewe yalikuwa na wiki chache tu za kuishi.

Basi nilihitaji jike la Haneti, au udongo wenye mayai kutoka dimbwi lile lile. Na nilihitaji kabla mvua hazijaanza, kwa sababu mvua ikishanyesha mayai hayasubiri mtu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya mji kila alasiri, yanakaa, yanatawanyika. Nikafunika cherehani.

Kikuyu hadi Haneti

Basi liliondoka asubuhi likiwa limejaa nusu, na nilifurahi, nikasema leo nitafika mapema. Mdomo huponza kichwa. Tulipovuka vilima vya kwanza mkanda wa feni ukakatika, na dereva akasimama kwenye nchi isiyo na kitu ila mibuyu michache na joto. Utingo alitembea kurudi tulikotoka kutafuta mkanda mwingine. Sisi tukatandika kanga chini ya kivuli cha basi, na kila jua liliposogea na sisi tukasogea.

Mzee mmoja mwenye redio mbovu aligawa ubuyu kutoka mfukoni, punje kwa punje, kwa haki kabisa. Akaniuliza nakwenda Haneti kufanya nini. Nikamwambia nakwenda kuchukua udongo wenye mayai ya samaki.

"Samaki wa Haneti?" akasema. "Mama, Haneti hakuna ziwa."

"Kuna dimbwi."

"Dimbwi saa hizi ni vumbi."

"Ndiyo. Samaki wamo kwenye vumbi."

Alinitazama kwa huruma, akaniongezea punje mbili za ubuyu. "Wale samaki wanashuka na mvua," akaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Mimi mwenyewe nimewaona, mvua imenyesha jana, leo wamo. Wangetoka wapi kama si juu?"

Sikubishana naye. Nililala chali, na mbele yangu uwanda ulikuwa unacheza kwa mvuke wa joto, miti imenyanyuka kidogo kutoka ardhini, imesimama juu ya maji ambayo hayakuwepo. Nikafikiria mayai yote yaliyolala chini ya nchi hii, kutoka hapa hadi Bahi, kila moja na dogo lake limejikunja ndani, likisikia nyayo za mbuzi juu. Nilihisi kama nimelala juu ya dari ya nyumba ya watu. Usingizi ulinichukua hapo, na utingo aliporudi na mkanda walinishtua ili nisiachwe.

Haneti

Nilifika jua likielekea kuzama, nikapokelewa na mwalimu mkuu wa shule ile niliyoishonea sare, akanipa kitanda kwa mama yake na ugali wa uwele na mlenda. Wale mnaosema mlenda hauwezi kushibisha, nendeni mkaule kule. Nililala kama gogo.

Asubuhi nilikwenda dimbwini na ndoo yangu na jembe dogo. Nilipafahamu: mgunga mmoja uliopinda, kichuguu, halafu bonde dogo la udongo mweusi. Mgunga ulikuwepo na kichuguu kilikuwepo. Bonde lilikuwa shimo. Limechimbwa pande zote kwa majembe, limekwanguliwa hadi changarawe nyeupe ya chini, safi kama sufuria iliyolambwa. Niliingia ndani nikapiga magoti nikatafuta kwa vidole. Hapakuwa na tope hata la kujaza kikombe.

Nililia, sioni aibu kuwaambia. Nililia nimekaa ndani ya shimo na ndoo tupu, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Mbukwenyi!" sauti ikanisalimu kutoka juu yangu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, na mzigo wa kuni kichwani. Nikaitikia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, naye kwa huruma akahamia Kiswahili. Aliitwa Mama Ndahani, na nyumba yake ilionekana pale pale ng'ambo ya mashina ya mtama: tembe, nyumba ya Kigogo ya paa bapa la miti na udongo. Paa lilikuwa jeusi, jipya.

"Umepoteza nini humo?" akauliza.

"Udongo. Nani amechimba hapa?"

"Sisi," akasema kwa fahari. "Udongo wa hapa unashika. Ule mwekundu ukinyeshewa unaondoka, huu mweusi unakaa. Tumeezeka nyumba yangu na ya shemeji."

Kwa hiyo dimbwi langu lilikuwa juu ya paa. Niliinuka nikalitazama paa lile kwa muda mrefu. Nilijua halina faida. Udongo wa kuezekea unakandwa kwa maji kwanza, na mayai yaliyokuwa tayari yaliamka humo humo kwenye tope, chini ya miguu ya watu wanaolikanyaga, yakapandishwa juu na kukauka. Na yaliyosalia jua la paani limeyamaliza. Nikamweleza yote hayo. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka mtu wa kunisikiliza. Alitua kuni, akakaa ukingoni mwa shimo, akasikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Mayai," akasema. "Madogo kiasi gani?"

"Kama punje ya ulezi. Hata chini ya hapo."

"Na hayafi?"

"Yakiwa kivulini, hayajaloweshwa, hayafi."

Akasimama, akajitwisha kuni, akaniambia, "Njoo nyumbani unywe maji."

Ndani ya tembe kuna giza baridi ambalo nyumba zetu za bati hazilijui. Macho yangu yalipozoea, aliniongoza hadi kona ya nyuma, penye vihenge vya nafaka, akaondoa ungo. Chini yake palikuwa na rundo la mabonge makavu ya udongo mweusi, kama ndoo tatu. Haukuwa umekandwa. Ulikuwa na mizizi myembamba ya nyasi za dimbwi na kigamba cha konokono.

"Huu ni wa kuziba," akasema. "Mvua ya kwanza ndiyo inakuonyesha paa linapovuja. Unakuwa na udongo wako mkavu ndani, unapanda, unamwagia pale pale. Asiyekuwa na udongo ndani ananyeshewa na watoto wake."

Nilichukua bonge moja nikalivunja, nikalipeleka mlangoni penye mwanga, nikavaa miwani yangu ya kutungia sindano. Ndani ya ufa, kando ya mzizi, palikuwa na kitu cha mviringo, cha rangi ya asali, kinang'aa kidogo. Nikamwonyesha. Akainama, shavu lake likagusa langu.

"Hicho ni mtu?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni samaki."

Sasa hapo nilitakiwa kuomba. Ningeweza kuomba rundo lote. Moyo wangu uliomba rundo lote. Lakini nilikuwa nimeona mawingu ya alasiri, na nilijua asichokisema: shimo limeisha, hakuna pengine pa kuchimba mweusi isipokuwa mbali sana.

Yeye akaniwahi. "Chukua ndoo moja," akasema. "Mbili ni zangu. Na mimi nina watoto wa kuatamia humu ndani."

Nikampa turubai nililobeba kufungia mzigo, akatandike juu ya paa siku za mwanzo. Alilipima kwa mikono, akasema litafaa upande wa jikoni. Tulijaza ndoo kwa vidole, si kwa koleo, tukichagua mabonge yenye mizizi, na alikuwa mwepesi wa jicho kunishinda.

Haneti hadi Kondoa

Mngeniuliza kwa nini sikurudi nyumbani moja kwa moja. Kwa sababu yai moja nililoliona si jike. Laweza kuwa dume, laweza kuwa limekufa. Na Kolo, kaskazini ya Kondoa, kulikuwa na mtu mmoja ambaye niliwahi kumpa mayai ya Haneti. Nilikuwa nimeapa sitazungumza naye tena. Tutafika kwake.

Gari dogo lilinishusha kwenye njia kuu, kwenye kibanda cha chai, nikaambiwa basi la Kondoa lipo karibu. "Karibu" ilikuwa kusubiri saa nne nzima. Nilikunywa chai ya tangawizi, nikala chapati mbili, nikaweka ndoo kati ya miguu yangu na kuifunika kwa kanga, kwa sababu turubai nimeshaligawa. Joto lilikuwa limesimama juu ya kibanda. Malori ya alizeti yalipita polepole, yakaacha harufu ya mafuta hewani, na baada ya kila moja ukimya ulirudi mzito zaidi. Nikaanza kusinzia. Nikaona barabara imejaa maji safi hadi usawa wa benchi, na samaki wangu wanapita juu ya lami, mikia myekundu, hawana haraka, wanachungulia vikombe vya chai. Nilijua naota na sikutaka kuamka.

Kilichoniamsha ni sauti ya kutafuna.

Kwenye benchi pembeni yangu alikaa binti mwenye mimba kubwa, mzuri wa uso, ameshika bonge langu la udongo. Robo yake ilikuwa imeshakwenda.

"Dada samahani," akasema huku mdomo umejaa, "nilikuamsha hukuamka. Unauzaje? Huu ni mtamu kuliko ule wa sokoni. Una harufu ya mvua."

Wajawazito wetu wote wanakula udongo, mimi mwenyewe nilikula na mimba zangu zote tatu, na mtu anayesafiri na ndoo ya mabonge yaliyochaguliwa vizuri, akayafunika kwa kanga na kuketi kibandani, angekuwa nani kama si muuza udongo? Nikamshika mkono.

"Mdogo wangu, usimeze. Una mayai."

Alitema. Alitema kwa nguvu, akasimama, akashika tumbo. "Mayai ya nini?"

"Ya samaki. Hayana sumu, usiogope. Wazuri, wana mikia myekundu."

Mwenye kibanda alicheka hadi akaweka birika chini. Binti hakucheka. Alitazama tumbo lake, akatazama bonge, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima, akauliza kama mtoto wake atazaliwa anajua kuogelea. Nikamwambia akizaliwa hapa hatapata pa kujaribia. Hapo ndipo akacheka. Lakini kabla ya basi kuja aliniomba tena, kwa aibu, kama kuna bonge hata moja lisilo na samaki. Nikalichunguza moja pande zote kwa miwani yangu, nikampa. Mimba haina adabu, naijua.

Kolo

Mwalimu Issa ni Mrangi wa Kolo, mwalimu mstaafu wa sayansi, na ndiye mtu mwingine pekee ninayemjua anayefuga samaki hawa katika nchi yetu ya kati. Ana matangi kumi na moja kwenye banda lililokuwa la kuku. Nilimpa mfuko wa mayai ya Haneti kwa mkono wangu, naye aliahidi kuyaweka peke yake. Miaka miwili iliyopita nilimtembelea nikakuta majike ya Haneti na majike ya dimbwi la Kolo yamewekwa tangi moja. Majike ya madimbwi yote yanafanana. Ukishachanganya, Mungu peke yake ndiye atakayetenganisha. Nilimwambia maneno makali mbele ya mkewe, nikaondoka bila kumaliza wali.

Sasa nikawa mlangoni kwake, na vumbi la safari nzima usoni. Nilikuwa nimepanga la kusema njia nzima. Lakini yeye ni mkubwa kwangu, na mkubwa huwezi kumwanza kwa lawama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi," akasema, na macho yake yakaangukia ndoo. "Umeleta nini?"

Ndivyo ilivyokwisha miaka miwili ya kununiana. Mkewe alinichotea maji ya kunawa kana kwamba nilikuja juzi. Tulikula wali ule ule, kwa kuku wa kienyeji, na safari hii niliumaliza.

Baada ya chakula alinipeleka bandani. Kwenye tangi la mwisho majike matano yalikuwa yakipita taratibu kwenye mwanga wa kijani, ya kijivu, matumbo yamejaa mayai. Nilisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Mojawapo laweza kuwa langu. Yote yaweza kuwa yangu. Nikamwuliza, "Lipi ni la Haneti?"

Aseme tu hili hapa, niliwaza. Anyooshe kidole popote. Nitamwamini, nitalibeba, nitalala usingizi.

Mwalimu alivua kofia yake ya kiua. 

"Sijui, Tabitha," akasema. "Nimeyatazama miaka miwili, haya na mama zao. Kuna siku naapa ni lile dogo, kesho yake naapa si lenyewe. Ukitaka nikupe yote matano nitakupa. Lakini nikikuambia nalijua nitakuwa nimekuibia mara ya pili."

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Ni rahisi kusema ukweli pale usipokuuma, na ule ulimuuma, nilimwona. Nikamwambia asante. Nikamwambia sitachukua hata moja. Sasa yote yalibaki kwenye ndoo.

Asubuhi alitaka kunionyesha kitu. Tulipanda nyuma ya nyumba yake hadi kwenye mwamba mkubwa uliojiinamia, kama ile ambayo wageni huja kutazama michoro ya watu wa kale. Huu wa kwake hauna michoro, una shimo la kina kirefu ambalo jua halifiki, na ndani yake maji ya mvua ya mwaka jana, baridi, yametulia. Alichota polepole asivuruge chini.

"Ya bomba yana dawa," akasema. "Haya hayajaguswa. Maji ya baridi ya mvua ndiyo yanayowadanganya kwamba msimu umefika."

Alijaza dumu la lita kumi, akalibeba mwenyewe hadi stendi begani, mzee wa watu, akikataa kusaidiwa na kila aliyetusalimia njiani.

Kolo hadi nyumbani, na baada ya hapo

Ya kurudi sina mengi. Ndoo mapajani, dumu miguuni. Kondakta aliuliza mara moja tu, jirani yangu akamjibu kabla yangu kwamba ni dawa ya mganga, na kuanzia hapo nilipata siti mbili peke yangu. Uongo wa watu haukuniuma safari hii. Nilipofika Kikuyu madume yalikuwa yamebaki mawili.

Siku ya pili mvua ilinyesha Dodoma nzima. Nililala nikiisikiliza kwenye bati, nikamuwaza Mama Ndahani akipanda paani na ungo wa udongo wake, akitafuta panapovuja. Asubuhi nilivunja mabonge kwenye beseni jeupe na kumwaga maji ya mwamba wa Kolo.

Siku ya kwanza, tope. Siku ya pili, tope. Nilishona vifungo vya sare zenu macho yakiwa kwenye beseni, kama mliona vimekaa upande mniwie radhi. Siku ya tatu, kwenye kona ya beseni, macho mawili. Halafu mengine. Hadi jioni walikuwa watatu.

Mmoja hakuweza kunyanyuka kutoka chini, alitambaa siku nne akafa. Wawili wakaogelea. Nikawatenga kila mmoja kwenye chombo chake, na hapo ndipo mateso yenyewe yalipoanza, maana wakiwa wadogo hakuna anayejua nani ni nani. Inabidi usubiri rangi. Wiki ya tatu madume yangu ya zamani yalikuwa yamekwisha yote mawili. Wiki ya nne mmoja wa vijana alianza kuonyesha wekundu kwenye mkia, kidogo, kama uzi mmoja uliochomoza. Alikuwa mzuri. Nikafurahi, kisha nikaogopa, na kuanzia siku ile sikumtazama tena yeye. Nilimtazama mwenzake. Kila asubuhi, kabla ya kuswaki, nilivaa miwani na kumwomba Mungu asimpe rangi. Nimeomba mengi maishani, lakini sijawahi kuomba kiumbe kisipendeze.

Wiki ya tano alikuwa wa kijivu. Wiki ya sita alikuwa wa kijivu, na tumbo limeanza kujaa.

Niliwaweka pamoja Jumamosi, na bakuli la vumbi la makumbi chini. Dume alitanua mapezi yote akatetemeka mbele yake. Jike alisimama, kana kwamba anafikiri. Kisha wakashuka wote wawili ubavu kwa ubavu, wakazama kichwa ndani ya vumbi la makumbi, na vumbi dogo likainuka likatulia.

Jumatatu nilichuja. Mayai kumi na manne. Nilimpigia mwalimu Issa, nikamwambia mfuko wa kwanza ni wake.

"Hapana," akasema haraka. "Usinipe. Unanijua."

"Nakujua."

"Nitachanganya tena, Tabitha. Nimezeeka, macho hayaoni."

Nikamwambia mimi ndiye niliyeua mifuko sita kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia wakiwa kwangu peke yangu, siku nikikosea tena hawatakuwepo popote duniani, hata juu ya paa. Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake pampu ya hewa ya tangi ikibubujika. Kisha akaniuliza ayaandalie tangi lenye ukubwa gani.